Walioandikwa Kwamba Walikataa

Mliniomba kurasa mbili tatu za kuwaaga, nyinyi mnaobaki chumba namba nne, na mkaniomba ziwe za kuchangamsha. Nimejaribu. Nimekaa na kalamu hapa barazani kwangu wiki nzima, na kila nikianza habari za keki na picha za siku ile ya kuagwa, mkono unakwenda kwingine. Kwa hiyo hamtasoma hapa nilipanda cheo lini wala nililipwa kiasi gani. Ya vyeo yamekwisha, na ya malipo yataniharibia chakula cha mchana. Nitawaandikia habari ya chumba chenyewe, ya Mbodze, na ya kile kitabu cha jalada jeusi. Mkiona nimekuwa mkali, mimi ni yule yule Sista Kadzo mliyekuwa mkimkimbia asubuhi mkichelewa.

Nilikuja zahanati yetu ya Kisauni nikitoka wadi ya wazazi, ambako nilikuwa nimezoea kelele, damu na furaha. Nikapewa chumba namba nne. Kabla ya hapo kilikuwa stoo ya vyandarua, na miezi ya mwanzo kilikuwa bado kinanuka ile dawa yao. Mlikuwa na kitanda kimoja, taa ya shingo ndefu, ndoo tatu za kuoshea vyombo, na Sista Swafiya, mtu wa Mji wa Kale mwenye Kimvita chake ambacho hakukiacha hata mbele ya wakubwa.

"Ndoo, mwanangu," aliniambia siku hiyo ya kwanza, yaani njoo. "Kazi hii haina uzito. Wenye uzito ni watu."

Akanionyesha. Unatia spekulamu, kile chuma chenye midomo miwili. Unamulika taa mpaka uone mlango wa kizazi. Unapaka siki kwa pamba, kisha unaitazama saa ya ukutani dakika nzima bila kupiga porojo. Pakiwa pazima, panabaki na wekundu wake. Pakiwa na seli zinazotaka kuharibika, panatoka doa jeupe.

"Siki hii ya kachumbari?" nikamwuliza, maana niliona chupa yenyewe na nembo ya dukani.

"Ehee. Ulitaka itoke Ulaya?"

Doa hilo si saratani, na hili nimewaambia wanawake wa Kisauni mpaka sauti ikanikauka. Doa ni mwanzo wa safari ambayo huchukua miaka mingi kufika kwenye ugonjwa wenyewe. Ukiliona leo na kulitibu leo, umemwepusha mama na mauti mabaya sana, na kazi yenyewe haizidi robo saa. Arudi mwaka ujao umtazame tena, basi. Kwa chupa ya siki, pamba na taa. Ndiyo maana ninawaka nikisikia kwamba wanawake wetu bado wanakufa kwa ugonjwa huu. Kuna maradhi ambayo mtu akifa unasema tulifanya tuliloweza. Haya hayamo.

Sista Swafiya alikuwa na taratibu zake. Chuma hakikuingia kwa mtu kabla hakijapashwa kwa maji ya uvuguvugu. Daktari mmoja kijana aliyekuja kutukagua alisema huko ni kupoteza wakati. Swafiya hakuinua hata kichwa. "Wewe ukitiwa chuma baridi, wallahi ukelele wako utasikika Likoni," alimwambia, na daktari akaandika kitu kwenye karatasi yake akatoka. Na kila mama alitakiwa aje na leso yake ya kujifunika magotini. Asiyekuwa nayo alipewa moja katika leso za Swafiya mwenyewe, ambazo alizifua nyumbani kwake kila Ijumaa. Alinifunza kumtazama mtu usoni wakati mkono unafanya kazi chini, kwa sababu uso ndio unaosema anaumia au anaogopa tu. Hayo yote nimewafunza nyinyi, na sina wasiwasi nayo.

Lakini alinifunza na jingine. Kile kitabu cha jalada jeusi kilikuwa na safu tatu mwishoni mwa mstari wa kila mwenye doa: ametibiwa, amepelekwa hospitali kubwa, amekataa. Mwisho wa mwezi kila mstari uwe na alama kwenye safu mojawapo. Mstari mtupu uliwaleta watu wa ofisini na maswali yao, na Sista Swafiya, ambaye hakumwogopa daktari yeyote, aliwaogopa watu wa maswali. "Mstari usilale mtupu," aliniambia. "Asiyetibiwa na hakupelekwa, tia amekataa, twende zetu." Nikaitikia. Sikuona ubaya wake.

Miaka ya mwanzo hapakuwa na ubaya mkubwa, kwa sababu gesi ya kutibia ilikuwapo. Nyinyi mnatumia kifaa cha umeme kinachotoshea kwenye mkoba. Sisi tulikuwa na mtungi wa gesi mrefu karibu sawa na mimi, na kifaa cha kushika mkononi chenye ncha ya kugandisha barafu juu ya doa. Wanawake walikuja kutoka Ziwa la Ng'ombe na mikono yenye magamba ya samaki. Walikuja wake za watu wa bara waliohamia huku na waume zao wafanyakazi wa bandarini, wakisema kwanza kwamba wamemsindikiza jirani. Alikuja fundi wa shanga wa Bombolulu, mwenye kiti cha magurudumu, aliyekuwa hajawahi kupimwa kwa sababu kila alikokwenda kitanda kilikuwa juu na hakuna aliyejitolea kumbeba. Tulimbeba mimi na Swafiya. Tuliona doa, tukaligandisha, tukamfunika leso. Akaniuliza, "Ndiyo hiyo tu? Nimeogopa miaka sita kwa hiyo tu?" Mpaka leo tunakutana sokoni, na hunisalimia kwa kunitania kuwa nina mikono baridi.

Kule Nyali, nyuma ya vioo na viyoyozi, mwanamke mwenye uwezo hulipa apimwe kitu kile kile. Yeye hufanyiwa siku anayotaka. Wa kwetu alifanyiwa bure, ndiyo, na huduma hiyo ya bure ni jambo kubwa ambalo sitaki mtu alidharau, kwa sababu bila hiyo fundi wa shanga asingepimwa maishani mwake. Hasira zangu ni kwamba bure iligeuzwa kuwa njoo kesho.

Sista Swafiya alistaafu. Mwaka uliofuata gesi ikakatika. Fomu ilikwenda ofisini, ikakosa sahihi, ikarudi, ikapata sahihi, ikapotea. Walituambia mtungi uko njiani, na mimi nikawaambia wanawake mtungi uko njiani. Tulipotaka kuwapeleka hospitali kubwa, tulijibiwa kwamba huko wanapokea wenye saratani, na madoa tumalize wenyewe. Basi tukawa tunaendelea kupima, kumwona mtu na doa lake, kumweleza kwamba linatibika, halafu kumrudisha nyumbani nalo. Fikirini hilo vizuri. Ni heri ningemwambia sijui.

Mbodze alikuja wakati huo. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kidogo, mwenyeji wa upande wa Kaloleni, amepanga chumba Ziwa la Ng'ombe na mumewe Karisa na mabinti wawili. Alikuwa akifua nguo katika nyumba moja Nyali, kibarua cha siku kwa siku. Nilimpima, nikaona doa, kubwa kuliko nilivyopenda. Nikamweleza. Hakulia. Aliuliza maswali ya maana: linauma, litanizuia kufua, nikitibiwa nitaweza kuzaa. Nikamwambia aje Alhamisi ijayo, gesi itakuwa imefika.

Alhamisi akaja. "Shikamoo sista. Imefika?"

"Marahaba. Bado, mama. Jaribu wiki ijayo."

Mara ya pili alikuja saa moja asubuhi ili akirudi awahi kufua. Gesi haikuwapo. Mara ya tatu alikuja na mumewe. Karisa aliendesha tuktuk, na siku hiyo aliiegesha mbele ya zahanati akaingia naye mpaka kwenye benchi la wanawake, akakaa katikati yao kofia mkononi bila haya.

"Daktari," akaniambia, ingawa mimi si daktari, "huo mtungi uko wapi hasa? Nielekezeni niufuate na tuktuk yangu. Petroli juu yangu."

Wanawake walicheka, na mimi nilicheka. Nilimwambia mambo ya serikali hayaendi hivyo. Nikikumbuka kicheko hicho najionea haya, kwa kuwa siku hiyo yeye peke yake katika mlolongo mzima ndiye aliyependekeza jambo ambalo lingemtibu mke wake.

Mara ya nne Mbodze alikuja peke yake, na alikuwa amechoka usoni. Mama wa nyumba alikofua alikuwa amemwambia ana mambo mengi ya hospitali, akampa kazi mwingine. "Sista, sasa nikija tena nakuja na njaa," alisema. "Nipigie simu itakapofika." Akanipa namba. Mwisho wa mwezi nikafungua kitabu. Hakutibiwa. Hakupelekwa. Mstari usilale mtupu. Nikatia alama kwenye amekataa, nikageuza ukurasa.

Gesi ilikuja mwezi wa tano baada ya hapo, na tangu hapo ikawa inakuja na kukatika. Nikapiga ile namba, akapokea mwanamke aliyeniambia kwamba mtu huyo hafanyi kazi hapo tena. Ilikuwa simu ya nyumba ile ya Nyali, namba pekee aliyokuwa nayo kichwani, akitumaini wangemfikishia habari. Ziwa la Ng'ombe na chumba namba nne si mbali, ni mwendo wa kutoa jasho kidogo. Sikwenda. Nilikuwa na foleni, nilikuwa na magoti yanayouma, na kitabu kilikuwa kimeshasema amekataa, kwa hiyo hakuna aliyeniuliza. Naandika haya ili msije mkadhani nawalaumu wa ofisini peke yao.

Mwaka huo huo tulipelekwa semina katika hoteli moja ya ufuoni. Afisa mwenye suti nzuri aliwasha picha ukutani akatueleza kwa nini wanawake wa pwani hawatibiwi. Mila, alisema. Dini. Waume kuwazuia wake zao. Kutokuelewa. Dawa yake ni uhamasishaji, na bajeti ya uhamasishaji ilikuwa imepatikana, fulana zimeshachapishwa. "Wala sisemi mimi," akasema, "ni taarifa za vituo vyenu wenyewe. Tazameni hii safu ya waliokataa."

Nikaitazama. Alama zangu zilikuwa humo, zimejumlishwa na za wenzangu wa vituo vingine, na wote tulikuwa tunajua. Mwenzangu wa Changamwe alinigusa mguu chini ya meza. Hakuna aliyenyanyua mkono. Karisa aliyekaa benchi la wanawake na kofia mkononi alikuwa amegeuzwa mume anayezuia, na mimi niliyemgeuza nilikula samaki wa kupaka, nikapokea fulana yangu, nikarudi nyumbani. Usiku huo sikulala, lakini kutolala hakumsaidii mtu.

Mwaka wa nne tangu nimpime, Mbodze akarudi. Nilimjua kabla hajavua viatu. Alikuwa amekonda, na alikuwa amejifunga leso mbili kwa sababu ya damu. Hapakuwa na haja ya siki. Nilimwandikia rufaa hospitali kubwa, karani akanakili historia yake kutoka kitabuni kama alivyotakiwa, nikatia sahihi bila kusoma. Niliitia kama nilivyotia ile alama, bila kufikiri.

Alirudi baada ya siku tano na karatasi ile mkononi. Daktari wa kule alikuwa amemgombeza mbele ya wanafunzi wake: ulipewa matibabu ya bure ukayakataa, sasa waja kulia hapa. Mbodze hakuwa mtu wa kupayuka. Aliiweka karatasi mezani, akaweka kidole chini ya mstari.

"Sista, mimi nilikataa nini?"

Nimefanya kazi ya watu maisha yangu yote. Nimetukanwa na wazazi, nimetemewa mate, nimepigwa teke na mama aliyekuwa akijifungua. Hakuna kilichonikata maini kama sauti ile ya upole. Nikamwambia, "Hukukataa. Ni mimi niliyeandika." Akasema, "Basi andika vingine." Na mbele yake nikafungua kitabu cha zamani, nikafuta ile alama, nikaandika kwa wino: alikuja mara nne, gesi haikuwapo. Nikatia jina langu.

Baada ya hapo nikachukua rula nikachora safu ya nne kwenye kitabu kipya, kurasa zote, na kichwa chake: sisi hatukuwa na kifaa. Mwezi uliofuata wakaja watu wa maswali, wale wale walioogopwa na Swafiya. Walisema nimeharibu kitabu cha serikali. Nikawauliza kama wanataka kitabu kisafi au cha kweli. Nikaandikiwa barua ya onyo, nami nimeitunza pamoja na vyeti vyangu, kwa kuwa ndiyo karatasi pekee niliyoifanyia kazi kwa akili yangu mwenyewe. Lakini safu ile iliwaudhi. Kila mwezi ilijaa, na kila mwezi walilazimika kuipandisha juu, na huko juu mtu fulani akaanza kuuliza. Kifaa cha umeme kilikuja kabla mwaka haujaisha. Sitasema kilikuja kwa sababu yangu. Nasema tu kwamba safu ya waliokataa haikuwahi kuleta kifaa.

Nilimwendea Sista Swafiya nyumbani kwake na hasira zangu zote, nimwambie alichonifunza kimefanya nini. Alinisikiliza mpaka mwisho. "Na mimi nilifunzwa hivyo, mwanangu," akasema, akafunika uso na ncha ya leso.

Mbodze hakukiona kifaa kikifanya kazi. Alisubiri foleni ya mionzi, akapata nafasi akiwa hawezi kukaa, akafa. Walimzika kijijini kwao Karisa, mbali na mji, na nilikwenda. Nilikaa na wanawake kwenye mikeka. Waliokuwa nyuma yangu walikuwa wakinong'ona kwamba marehemu alipewa dawa akaikataa, karatasi ya hospitali ilisema, na sasa amewaacha watoto hivi hivi kwa ukaidi wake. Binti yake mkubwa alikuwa karibu kutosha kusikia.

Nikasimama. Mimi si mtu wa kuhutubia matanga. Nikasema mimi ndiye muuguzi wake, kwamba Mbodze alikuja mara nne, kwamba mumewe alikuja naye, kwamba sisi hatukuwa na gesi, na kwamba neno amekataa lilitoka kwenye mkono wangu huu. Nikamwambia binti kwa jina lake kwamba mama yake alitaka kuishi.

Mama yake Karisa, bibi mfupi aliyekuwa amekaa mlangoni, akaniita nisogee. Nilidhani atanifukuza, na ilikuwa haki yake.

"Umefanya vyema kusema," akaniambia polepole. "Sasa niambie. Wengine uliowaandika hivyo, wako wapi?"

Nilirudi Kisauni na swali lake. Kesho yake niliteremsha vitabu vyote vya zamani, nikatoa majina ya waliokataa, moja moja, nikayaandika kwenye daftari. Miaka yangu miwili ya mwisho kazini, ambayo nyinyi mlidhani natoka mapema kwa sababu ya uzee, nilikuwa nawatafuta. Wahudumu wa kujitolea wa mitaani walinisaidia, na Karisa alinizungusha kwa tuktuk yake siku alizoweza, asitake hata kusikia habari ya nauli. Mmoja tulimkuta amehamia Port Reitz, akiuza samani, wala hajui doa lake limekua kiasi gani. Tukamtibu siku hiyo hiyo. Wengi tumewatibu. Watatu tulikuta makaburi. Hakuna hata mmoja, narudia, hata mmoja, aliyetuambia kwamba alikataa. Wengi walisema tu, "Mlisema mtapiga simu."

Daftari liko kwenye droo ya chini, chumba namba nne. Limebaki jina moja ambalo halina tiki mbele yake. Umazi, muuza mihogo ya kukaanga, alikuwa akipanga Bombolulu. Nyumba aliyokuwa akiishi imebomolewa, na jirani mmoja anadhani alikwenda Likoni kwa dada yake. Mimi magoti hayanipeleki tena, nyinyi mna miguu. Mkimpata, msianze na siki. Anzeni kwa kumwomba radhi, halafu mumtibu siku hiyo hiyo, kabla hajashuka kitandani.